Mtoto wa Nyoka ni Nyoka? Si Lazima!

Somo la leo ni zito kidogo. Tafuta mahali palipotulia, usome polepole, halafu mpe na mwenzako asome.

Tuanze na Juma. Huyu tumemtunga kwa ajili ya somo, ila yanayompata yanawapata wengi. Juma yuko kidato cha tatu. Baba yake akirudi kutoka kilabuni usiku, watoto wote wanajua kusoma hatua zake. Akiingia anaimba, mtalala. Akiingia kimya, jiandae. Mama aliondoka miaka minne iliyopita na hajatuma hata salamu. Asubuhi Juma anawapikia uji wadogo zake wawili, kisha anakimbia shule bila kunywa chochote. Juzi alisinzia kwenye kipindi cha Hesabu. Mwalimu akamwambia asimame, darasa zima likacheka. Jirani mmoja naye akamalizia: "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Huyu naye atakuwa mlevi kama baba yake."

Juma akaamini. Akajisemea moyoni, "Maisha yangu yameshaharibika. Ya nini kusoma?"

Je, jirani yule alisema kweli?

KWANZA TUELEWANE
Unyanyasaji si kipigo peke yake. Uko wa aina nne:
- Wa mwili: kupigwa, kuchomwa moto, kufungwa kamba.
- Wa maneno na hisia: kutukanwa kila siku, kuambiwa "bora nisingekuzaa", kutishwa.
- Wa kingono: kushikwashikwa, kulazimishwa ngono au kuonyeshwa mambo ya ngono.
- Kutojaliwa: mtu mzima mwenye wajibu wa kukulea anaacha kukulisha, kukutibu, kukupeleka shule au hata kujua uko wapi.

Hii ya nne wengi hawaihesabu kwa sababu haiachi alama mwilini. Lakini mtoto asiyejaliwa anaumia, tena sana. Angalia pia tofauti: mzazi maskini anayehangaika mchana kutwa na bado chakula kikapungua hamtelekezi mtoto wake. Umaskini na kutojali ni vitu viwili.

Hauko peke yako. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa Tanzania kwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Yaani katika darasa lenu, usidhani ni wewe tu.

WATOTO WA KISIWA CHA KAUAI
Sasa turudi kwenye lile swali la jirani. Wako watu waliolijibu kwa kufuatilia maisha ya watoto kwa miaka mingi.

Kauai ni kisiwa kidogo katika Hawaii, Marekani. Wakati huo watu wengi walitegemea mashamba ya miwa na mananasi. Mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto wote 698 waliozaliwa kisiwani mwaka 1955. Waliwaangalia tangu kuzaliwa, wakiwa na mwaka 1, miaka 2, 10, 18, 32 mpaka 40.

Kati yao, karibu theluthi moja walianza maisha na mizigo mingi kwa pamoja: umaskini, matatizo wakati wa kuzaliwa, ugomvi nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Wengi walitegemea kwamba hawa wote wataharibikiwa. Kweli, wawili kati ya kila watatu walipata matatizo makubwa: kushindwa masomo, makosa ya jinai, mimba za mapema, matatizo ya akili.

Lakini mmoja kati ya kila watatu alikua vizuri kabisa! Walisoma, wakafanya kazi, wakalea watoto wao kwa upendo. Nyumba zao zilikuwa na shida zilezile. Sasa walipona vipi?

NINI KILIWASAIDIA?
1. Mtu mzima mmoja. Hili ndilo kubwa. Karibu kila mmoja alikuwa na mtu angalau mmoja aliyemjali bila masharti. Mara nyingi hakuwa baba wala mama. Alikuwa bibi, shangazi, dada mkubwa, jirani au mwalimu. Hakuhitaji kuwa tajiri. Alihitaji kuwepo, na kurudi tena kesho.

2. Kitu cha kujivunia. Wengi hawakuwa na akili za ajabu darasani. Ila kila mmoja alikuwa na kitu anachokipenda na kukiweza, na alikifanya pamoja na marafiki. Nyumbani kukichafuka, alikuwa na pa kupumulia.

3. Kazi yenye maana. Wengi walisaidia kulea wadogo zao au kazi za nyumbani. Waliona kwamba wanahitajika. Lakini usichanganye hili na mtoto kugeuzwa mzazi mpaka akose shule.

4. Kuamini kwamba juhudi zake zina maana. Hawakusema "nimeandikiwa". Walisema, "Hili siwezi kulibadilisha, lakini lile naliweza."

NA WALIOKWISHA KUHARIBIKIWA?
Hapa ndipo pazuri. Watafiti waliporudi wakati watoto wale wana miaka 32, kisha 40, waliwakuta wengi wa wale walioyumba utotoni wamesimama. Wengine walirudi shule. Wengine walipata mwenzi mtulivu wa ndoa, au kazi yenye nidhamu, au kundi la imani lililowapokea. Yaani mlango haufungwi ukifika miaka 18.

Lakini tusidanganyane. Hata waliokua vizuri walibaki na makovu. Baadhi waliugua maradhi yanayotokana na msongo wa mawazo, na wengine waliona vigumu kumkaribia mtu sana. Kupona si kusahau. Ni kuishi vizuri ukiwa na kovu lako.

Jambo lingine: usiseme, "Kumbe wapo wanaopona, basi nivumilie tu." Hapana! Wawili kati ya watatu waliumia vibaya. Waliopona wengi walikuwa na mtu wa kuwashika mkono. Kwa hiyo somo la Kauai si "kaza roho, nyamaza". Somo ni "tafuta mtu".

UANZIE WAPI?
Andika majina. Chukua karatasi. Andika watu wazima watano unaowafahamu: ndugu, mwalimu, matroni, muuguzi, kiongozi wa dini, mama wa rafiki yako. Karibu na kila jina jiulize: Ananisikiliza? Anatunza siri za wengine? Sijawahi kumwogopa? Mwenye "ndiyo" tatu ndiye wa kuanza naye.

Sema kwa ufupi. Huhitaji kueleza yote siku moja. Juma alimwendea mwalimu wake wa Kiswahili baada ya vipindi:

"Shikamoo, mwalimu."
"Marahaba, Juma. Vipi?"
"Nina jambo la nyumbani, mwalimu. Naogopa kulisema mbele ya watu."
"Basi twende pale chini ya mwembe. Kaa. Unaogopa nini?"
"Baba anatupiga akilewa. Mimi nimezoea, ila sasa ameanza kumpiga mdogo wangu."
Mwalimu alinyamaza kidogo. "Pole sana, mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Wala si kosa lako."

Unaona? Sentensi chache tu, na mlango umefunguka.

Asipokusikiliza, nenda kwa wa pili. Wapo wakubwa watakaokuambia "mheshimu baba yako" na kukurudisha. Inauma, lakini haina maana umekosea kusema. Kumheshimu mzazi hakukukatazi kuomba msaada. Unaweza kumpenda baba yako na bado ukakataa kipigo chake.

Ijue haki yako. Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu yeyote wa chini ya miaka 18. Inawataka wazazi wamlinde mtoto dhidi ya ukatili na kutelekezwa. Mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa anatakiwa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji. Waweza kumwona afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kama huwezi kutoka, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, Tanzania na Kenya pia.

Ukibakwa, usingoje. Nenda hospitali mara moja, usioge kwanza wala kufua nguo ulizovaa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Kwa msichana, ipo pia dawa ya kuzuia mimba. Ukichelewa zaidi ya hapo, bado nenda. Matibabu mengine yapo.

Shika kitu kimoja chako. Mpira, kwaya, kuchora, skauti, bustani ya mboga. Usikiache hata wiki ikiwa mbaya.

Kaa mbali na pombe, gundi na bangi. Zinakuahidi usingizi, halafu zinakupa shida ya baba yako uanze kuibeba mwenyewe.

KAMA NI RAFIKI YAKO
Msikilize, usimcheke, usimwulize "ulifanya nini mpaka akakupiga?" Usitangaze. Lakini usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie, "Hili limetuzidi sisi wawili, twende wote kwa mwalimu." Halafu twende wote kweli.

NA JUMA JE?
Mwalimu alikwenda na Juma kwa afisa ustawi wa jamii. Wadogo zake sasa wanalala kwa shangazi yao siku za shule. Baba bado anakunywa. Mama bado hajaandika. Juma bado anashtuka akisikia hatua usiku. Lakini Hesabu anaisikiliza macho wazi, na jioni anafundisha wadogo kusoma. Yule jirani alikosea. Mtoto wa binadamu si mtoto wa nyoka. Anaweza kuchagua, hasa akipata wa kumshika mkono.

MASWALI YA KUJADILI KLABUNI
1. Kuna tofauti gani kati ya kutojaliwa na umaskini? Toeni mifano.
2. Kwa nini wavulana wengi huona aibu kusema wamenyanyaswa?
3. Taja mambo manne yaliyowasaidia watoto wa Kauai. Lipi liko shuleni kwenu tayari, na lipi mnaweza kulianzisha?
4. Igizeni: mwanafunzi anamweleza mtu mzima tatizo, na yule wa kwanza hamsikilizi. Afanye nini?
5. Mnadhani darasa la Juma lingefanya nini siku ile badala ya kucheka?