SOMO LA MWEZI: NAFAKA ISIFUATE NAFAKA



Mwezi uliopita, baada ya ibada, mzee mmoja alitusimamisha nje ya kanisa akauliza: "Mwalimu, wewe wasema tubadilishe mazao shambani. Mimi nina ekari 2 na wajukuu 5. Nikiacha mahindi, watakula majani ya mbaazi?" Swali lake ni la haki, nasi tumeona tulijibu hapa ili wengine nao wapate kujifunza.

Kwanza tukiri kosa letu. Tulipokuwa tukifundisha, shamba la shule tulilipanda mahindi mwaka baada ya mwaka, mahali pale pale. Mwanzoni tulijaza ghala. Baadaye mabua yakawa membamba, majani ya chini yakageuka manjano kuanzia nchani, na kiduha kikachanua katikati ya mistari. Sisi tukasema ni mvua. Lakini jirani yetu, ng'ambo ya mfereji, alivuna vizuri kwa mvua ile ile, kwa maana mwaka uliotangulia alikuwa amepanda karanga. Tuliona haya, lakini tulijifunza.

Mahindi, mtama, uwele na ulezi ni ukoo mmoja wa nyasi. Vyote hula sana chakula kiitwacho naitrojeni. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuichukua kutoka hewani. Mazao ya jamii ya kunde yana msaada: katika mizizi yao hukaa bakteria ndani ya vinundu vidogo, nao huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Mmea unapooza shambani, sehemu ya chakula hicho hubaki kwa ajili ya zao linalofuata.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunang'oa maharage pamoja na mizizi, tunayapiga nyumbani, na maganda tunayachoma moto. Hivyo faida yote imehama shamba! Tena maharage ni mvivu kidogo katika kazi hii, ukiyalinganisha na karanga, kunde au mbaazi. Afadhali tukate shina, mizizi ibaki ardhini, na mabaki yarudi shambani au yapite kwanza kwa mbuzi na kurudi kama samadi.

Kuhusu kiduha, yafaa tuelewe tabia yake. Mche mmoja huzaa mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, nazo zaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja. Haziamki mpaka zisikie harufu ya mzizi ulio karibu, ndipo zinajishika kwenye mzizi wa nafaka na kuunyonya. Karanga na njugu mawe huzidanganya: mbegu huamka, hazipati mzizi wa kunyonya, zinakufa. Msimu mmoja hautoshi kuzimaliza. Kiduha kinachoonekana king'olewe kabla hakijatoa maua.

Torati iliamuru shamba lipumzike mwaka wa 7 (Kutoka 23). Babu zetu nao waliliacha shamba lililochoka ligeuke kichaka, wakahamia jingine. Siku hizo ardhi ilikuwa tele. Mwenye ekari 2 leo hana pa kuhamia, basi apumzishe ardhi yake kwa kubadilisha mazao.

Sasa tumjibu mzee wetu. Asiache mahindi. Agawe shamba lake mafungu 4 ya nusu ekari. Kila mwaka fungu moja tu lipate karanga au njugu mawe, na mwaka unaofuata zao hilo lihamie fungu la pili. Baada ya miaka 4 shamba zima litakuwa limeguswa. Katika mafungu mengine apande mbaazi kati ya mistari ya mahindi. Mbaazi hukua polepole mwanzoni, hivyo mahindi hayasumbuki sana. Yakivunwa, mbaazi hubaki na kuangusha majani yake. Wajukuu hawatayala majani hayo, ila mahindi ya mwaka ujao yatayala. Twajua wapo walioziacha mbaazi tangu 2017, India ilipozuia uagizaji na bei ikaanguka. Uchungu wao twauelewa. Lakini hata gunia lisipouzwa, majani yamekwisha kuanguka.

Kwa wanaokodi shamba mwaka mmoja mmoja, jambo ni gumu. Nani atapanda karanga ili mpangaji ajaye avune mahindi? Tunashauri waombe mkataba wa miaka 3, ulioandikwa mbele ya mashahidi. Mwenye shamba naye hapati hasara, kwa kuwa atarudishiwa ardhi yenye nguvu.

Zoezi: maharage au kunde zenu zikianza kuchanua, chimbueni mche mmoja taratibu kwa jembe, msiuvute. Pasueni kinundu kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi. Leteni miche hiyo Jumapili, tutaitazama pamoja chini ya mwembe baada ya ibada.