Filtri ya masizi ikiziba



Kamioneti nyingi za mazuti zilizotumika Ulaya zina filtri ndani ya bomba la moshi. Inakamata masizi, kisha inayaunguza ikipata moto mkali, karibu digrii 600. Safari zetu fupi-fupi za Kamatanda, shambani mpaka depo, haziipatii moto huo. Masizi yanajaa, taa inawaka, gari linakosa nguvu.

Tufanye hivi:

1. Taa ikiwaka tu, tusingojee. Mazuti yapite robo ya tanki, tushike barabara ya Lubumbashi, mwendo wa 60 ao zaidi, dakika 20 hivi bila kusimama-simama.

2. Tukirudi, tusiegeshe juu ya majani makavu. Bomba bado ni la moto. Wakati wa kiangazi linaweza kuunguza shamba pamoja na ghala la mahindi.

3. Tupime mafuta ya motere. Yakipita alama ya juu, pengine mazuti yameingia ndani. Tuyabadilishe mbele motere haijakufa.

4. Taa ikikatala kuzimika, twende kwa fundi mwenye mashine ya kupima. Pengine enjekta imeharibika, ao filtri imejaa majivu. Majivu hayaungui tena, yanasafishwa garajini.

Wengine wanatoboa filtri. Kweli, nguvu inarudi, lakini masizi yale tutayavuta sisi na watoto wanaopanda nyuma.

Kamioneti ni ya wote. Shofere akiona taa, aseme siku ile ile, na tusimgombeze.