Kuku hana jogoo, mbona anataga?

Kwenye kipindi chetu cha maswali, kijana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono: "Kuku wa kisasa wa mama hawana jogoo, mbona wanataga?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilifurahi, swali lake lilikuwa zuri kuliko yote siku ile.

Kutaga ni jambo moja, kurutubisha yai ni jingine. Mtetea hutoa yai hata kama hajawahi kumwona jogoo. Yai hilo halina mbegu ya kiume, kwa hiyo hata likilaliwa siku 21 hupati kifaranga. Ili kifaranga kipatikane, mbegu ya jogoo lazima ilikute yai ndani ya mwili wa kuku, kabla gamba halijatengenezwa.

Wanyama wa majini wengi hufanya nje. Chura dume humkumbatia jike mgongoni, na jike akitoa mayai, naye humwaga mbegu zake hapo hapo majini. Sato jike hutaga kwenye kishimo alichochimba dume, yakisharutubishwa huyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe. Malezi hayo!

Turudi bandani. Ukimtoa jogoo leo, mtetea bado anaweza kutaga mayai yenye uhai kwa wiki nzima au zaidi. Ndani yake ana vijifuko vidogo vya kuhifadhi mbegu. Jogoo kaondoka, kazi yake imebaki.

Sisi hatuna vijifuko hivyo, lakini mbegu za mwanamume zinaweza kuishi hadi siku 5 ndani ya mwanamke. Yai lenyewe huishi kama saa 12 hadi 24 tu. Sasa piga hesabu: mmefanya mapenzi bila kinga Jumatatu, yai likatoka Alhamisi. Mimba inaweza kutunga, hata kama ilikuwa mara ya kwanza. Na kwa msichana aliyevunja ungo karibuni, siku ya yai kutoka hubadilika sana, kwa hiyo hizo "siku salama" mnazohesabiana bwenini si za kuaminika. Wala kunawa au kurukaruka hakusaidii: mbegu zikishapita mlango wa mji wa mimba, maji hayazifikii.

Kama imeshatokea, dada, usikae kimya. Wahi kituo cha afya ukaulizie vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Hutumika ndani ya siku 5, na ukiwahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri zaidi. Na wewe kaka, msindikize.