Virusi Si Ukimwi

Wanafunzi wenzangu, shuleni humu nasikia kila mara, "Yule alivyo mnene, hawezi kuwa na virusi!" Jamani, macho hayapimi damu.

Virusi vya Ukimwi vikiingia mwilini, huenda mtu akapata homa ya majuma machache, kisha ikapoa. Anaonekana mzima, lakini ndani vinazaana katika chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, askari wetu, na kuziua.

Mtu mzima mwenye afya huwa na askari hao 500 au zaidi katika milimita mchemraba moja ya damu. Wakipungua chini ya 200, huo sasa ndio Ukimwi. Bila dawa, huchukua miaka kama 10 hivi.

Anayemeza ARV kila siku, askari wake huongezeka tena. Basi tupimwe mapema: usipoziba ufa utajenga ukuta.