Usifue Nguo Hiyo: Somo Kuhusu Sheria na Ushahidi wa Ubakaji



Somo la leo ni zito, lakini katika mitaa kama Gatina hatuwezi kulikwepa. Nyumba zimebanana, ukuta ni mabati, na mtoto huachiwa jirani mama akienda kibarua Lavington. Hebu fikirieni: mama anarudi jioni, anakuta mtoto amenajisiwa. Anafanya nini kwanza? Anateka maji, anamwosha kwenye karai, kisha anafua nguo. Huo ni upendo wa mama. Lakini ushahidi umemwagwa mtaroni kabla askari hajaandika hata neno moja.

Kwa hivyo tujifunze: kesi haianzi kortini. Inaanza nyumbani, mikononi mwetu.

SHERIA INASEMA NINI?

Mwaka 2006 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyopelekwa bungeni na Mheshimiwa Njoki Ndung'u. Wengi wanajua adhabu zake tu. Lakini ina mambo mengine yanayohusu ushahidi:

• Kifungu cha 36: korti inaweza kuamuru mshtakiwa atolewe vipimo vya DNA.

• Kifungu cha 37: kuharibu ushahidi kwa makusudi, au kutisha mashahidi, ni kosa. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Mama aliyeosha mtoto bila kujua hakukusudia. Anayelengwa ni yule anayeficha nguo ili kumwokoa mkosaji.

• Kifungu cha 40: uamuzi wa kusimamisha kesi uliwekwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu. Tangu Katiba ya 2010, kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Si ya mzazi, si ya chifu, si ya mzee wa kijiji. Wanaoitana nyuma ya ploti na kusema "tumalizane nyumbani" hawana uwezo huo.

Kisha mwaka 2012 zikatoka kanuni za matibabu. Hizo zinasema aliyebakwa atibiwe bila malipo katika hospitali ya serikali, na daktari aandike alichokiona katika fomu ya PRC.

TUFANYE NINI?

1. Asioge, asijisafishe, wala asibadilishe nguo kabla ya kuonwa na daktari. Damu, shahawa na unywele ndivyo vinavyoweza kuonyesha ni nani aliyefanya tendo.

2. Akiwa amebadilisha, usifue nguo hizo. Zikiwa na maji, zianikwe kivulini zikauke. Kila nguo iwekwe peke yake kwenye mfuko wa khaki. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa maana unafungia unyevu, nguo inaota ukungu na ushahidi unaoza.

3. Nendeni hospitali upesi, siku hiyo hiyo. Dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72. Ya kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Sisi wa upande huu tuna Mbagathi na Kenyatta. Usikubali kuambiwa "nenda polisi kwanza ndio utibiwe." Matibabu hayangoji polisi.

4. Fomu ya PRC ina nakala tatu: moja ya polisi, moja ya mgonjwa, moja inabaki hospitali. Ya kwenu itunzeni kama hati ya shamba.

5. Polisini, hakikisheni mmepewa nambari ya OB. Fomu ya P3 haiuzwi. Mkikabidhi nguo, andikeni jina la aliyepokea, tarehe na saa. Nguo hiyo itapita mikono mingi hadi kwa Mkemia wa Serikali. Mkono mmoja usipojulikana, wakili wa mshtakiwa atauliza: mnajuaje kwamba nguo ni ile ile?

6. Mtoto asihojiwe na kila jirani. Mtu mmoja anayemwamini amsikilize, na aandike maneno yake vile alivyoyasema.

KAMA USHAHIDI UMESHAOSHWA JE?

Msikate tamaa, na mama asilaumiwe. Mwaka 2006, katika kesi ya Kassim Ali, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakumalizi kesi: ubakaji unaweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyetendewa, au kwa mazingira ya tukio. Pia kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu korti kumtia mtu hatiani kwa neno la mwathiriwa peke yake, ikiwa hakimu ameridhika kwamba anasema kweli na ameandika sababu zake. Kwa hivyo hata mkichelewa, nendeni.

NA POLISI WAKILEGEA?

Wasichana wa Meru walijibu swali hilo. Kesi zao za kunajisiwa hazikuchunguzwa ipasavyo, wakashtaki polisi wenyewe. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama Kuu ya Meru ikaamua kwamba polisi walivunja haki zao, na ikaamuru uchunguzi ufanywe upesi na kwa utaalamu. Basi kufuatilia kesi si usumbufu. Ni haki. Lakini mama mmoja akienda peke yake huchoka. Wakienda watatu wa kikundi, wakiwa na nambari ya OB mkononi, husikilizwa.

Ukikwama, piga simu 1195, au 116 kwa mambo ya watoto. Ni bure.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, ni nani wawili wanaoweza kuitwa usiku wamsindikize mtu hospitali?

2. Je, tunaweza kutenga pesa kidogo kila mwezi kwa nauli ya hospitali na ya korti?

3. Jamaa wa mkosaji wakija na pesa ili "yaishe," tutawajibu nini?

4. Mifuko ya khaki ikae kwa nani?

Msimalize mkutano kabla ya kujibu swali la kwanza na la nne kwa majina.