Simu na Ugonjwa wa Sukari

Katika mji wa Babati, karibu na ziwa lenye viboko, wamo watu waishio na ugonjwa wa sukari. Ugonjwa huu haupiti kama homa. Yapasa kuuangalia kila siku. Wengine hujidunga insulini, dawa iliyoanza kuwafaa wagonjwa mjini Toronto mwaka 1922. Lakini dawa ikizidi chakula, sukari ya damu hushuka mno: mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, naye asiposaidiwa aweza kuzimia, hata kufa.

Siku hizi kuna kipimo kidogo kibandikwacho mkononi. Hupima sukari iliyo chini ya ngozi kila dakika chache, usiku na mchana, na kupeleka hesabu katika simu. Sukari ikishuka, simu hulia. Bei yake ni kubwa. Asiyekiweza huchoma kidole, hupima tone la damu, na kuiandika hesabu katika simu, nayo humkumbusha saa ya dawa.

Lakini simu haimnyweshi mtu. Basi, mtoto, usikiapo inalia, mwamshe mama yako. Kama aweza kumeza, mpe maji ya sukari. Kama amezimia, usimtie kitu kinywani, bali kimbia ukaite watu.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Afya nayo ni mali.