SOMO LA UCHORAJI: KIVULI SI CHEUSI



Ndugu wanafunzi, sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa nuru na giza. Katika Suratul Furqan, aya ya 45, tunaelekezwa kutazama jinsi Mola wetu anavyokitandaza kivuli, na jinsi jua lilivyofanywa kuwa kiongozi wake. Katika fiqhi tunakipima kivuli ili tujue wakati wa Alasiri. Leo tujiulize swali la mchoraji: kivuli kina rangi gani?

Wengi hujibu haraka: cheusi. Ndiyo maana picha nyingi za miti zina doa jeusi chini ya shina, kama shimo. Wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, kwa kawaida hawaweki vivuli, na picha zao hupendeza. Lakini ukiamua kuweka kivuli, kiweke kama kilivyo.

Kwa nini si cheusi?

Penye kivuli, mwanga wa jua umezuiwa, lakini mwanga wa anga bado unafika, na anga ni ya buluu. Tazama chini ya mwembe hapa Ujiji wakati wa mchana: udongo ungali mwekundu, ila umekolea na kuingia ubuluu. Kwa hiyo kivuli ni rangi ya kile kinachoangukiwa, iliyopunguzwa mwanga.

Namna ya kuchanganya

1. Udongo mwekundu: chukua rangi ileile uliyopakia udongo, ongeza buluu kidogo kidogo mpaka ikaribie zambarau.
2. Majani ya mwembe au mchikichi: kijani, na nyekundu kidogo sana. Rangi hizi mbili hupunguzana ukali.
3. Ukuta mweupe wa msikiti: nyeupe, tone la buluu na tone la hudhurungi. Utapata kijivu chenye ubuluu.
4. Mtumbwi wa manjano: manjano na zambarau kidogo. Ukitia nyeusi, manjano hugeuka kijani kichafu.

Daima tia rangi nzito ndani ya rangi nyepesi, tone kwa tone, kisha jaribu kwenye karatasi chakavu. Tone moja la nyeusi huharibu sahani nzima ya rangi ambayo mzazi ameinunua kwa jasho lake, na israfu tumekatazwa.

Kivuli kielekee wapi?

Kwetu Kigoma, Ziwa Tanganyika liko magharibi. Asubuhi vivuli huelekea ziwani. Jioni jua linaposhukia milima ya Kongo, vivuli hurefuka kuelekea mashariki. Mchana wa mwezi Juni jua huwa kaskazini yetu, hivyo kivuli kifupi huangukia kusini. Desemba huwa kinyume. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini, na mti ulionyooka hukaribia kukosa kivuli. Kivuli hicho kifupi cha mchana ndicho tunachokitoa katika hesabu tunapopima Alasiri. Basi kabla ya kuchora amua ni saa ngapi, na vivuli vyote vya picha yako vielekee upande mmoja.

Zoezi

Simika kijiti uani. Kivuli chake kikianguka kwenye udongo, kitazame. Kisha tandika karatasi nyeupe hapohapo, ukitazame tena. Fanya hivyo baada ya Adhuhuri na baada ya Alasiri. Changanya rangi nne kwa kadiri ulivyoona, na uandike saa nyuma ya kila picha. Wadogo wafanye pamoja na kaka au dada zao.

Ndugu zangu, anayepaka nyeusi bila kutazama amechora alichozoea, wala hakuchora alichokiona. Tumefundishwa kuhakikisha habari kabla ya kuisema. Basi na tuhakikishe kabla ya kupaka.

Wabillahi tawfiq.